Ufito Bora Kuliko Zote

Nilikuwa kwenye majaribio ya kazi ya kuongoza wageni huko Kalenga, ambako wageni huonyeshwa upigaji mishale wa jadi. Mama Tulizo, bosi wangu, aliniambia, “Chagua ufito unaoendana na upinde, utengeneze mshale. Ukiwa mgumu mno au laini mno, utakwenda pembeni.”

Nikaona fito zimeegemea ukutani. Sikuuliza kama ndizo. Niliogopa, msomi mzima, kuonekana sijui. Kwa siku mbili nilining'iniza kilo ya nyanya kwenye kila ufito, nikapima unavyopinda, nikaandika daftarini.

Mbele ya wageni nilieleza vipimo vyote vya ufito niliouchagua, nikavuta upinde, nikaachia. Mshale ukakata kona, ukatua bustanini, katikati ya nyanya.

Mama Tulizo akaufuata huku akicheka. “Mwanangu, fito za mishale ziko darini! Hizi ni za kusimikia nyanya. Ona, huu umerudi kwao wenyewe.”