Mawe Niliyoweka Chini ya Gurudumu

Kazi yangu ni kutafuta makaburi na vitu vya kale kabla ya ujenzi kuanza. Wiki jana nilitumwa kwenye hifadhi moja karibu na Ngaremara, ambako nyumba za askari wa wanyama zitajengwa.

Gari likazama mchangani. Bosi alikuwa karibu kufika, na kwa hofu ya kukutwa nimekwama, nikakimbilia rundo la mawe chini ya mgunga, nikayabeba na kuyapanga chini ya magurudumu. Gari likatoka. Nikajipongeza, mjinga mimi!

Bosi akaja na Mama Halima, mfugaji wa hapo.

"Salaam aleikum. Nakuja kuwaonyesha kaburi ya babu yetu, msijenge juu yake."

Akaenda moja kwa moja hadi kwenye mgunga, akaduwaa.

"Mawe yake iko wapi?"

Bosi akanigeukia. "Hapa umekagua?"

"Nimekagua," nikajibu. "Hakukuwa na kitu."

Mama Halima akafuata alama za gari mchangani, akainama, akainua jiwe lenye chapa ya tairi. Kisha akaitazama mikono yangu, iliyojaa vumbi hadi kwenye viwiko.