Kinga ya Ugoko

Watu wa Rumonge waliokuwapo siku ile wakikumbuka mechi, hukumbuka goli. Mimi nakumbuka mshono. Goli lilikuwa zuri, sikatai, lakini mtu akianza kunisimulia tena jinsi mpira ulivyompita kipa, natamani kumwuliza kama anajua mguu uliopiga mpira ule uliishia wapi. Simwulizi. Nimechoka kuwauliza watu maswali ambayo majibu yake wanayo na hawayataki.

Nilikuwa fundi cherehani. Baraza yangu ilikuwa mtaa wa Waswahili, karibu na msikiti, mahali ambapo harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, waliokaushwa iliingia mpaka kwenye nguo za harusi. Mdogo wangu alikuwa mpanda michikichi. Alijifunga mkanda uliozunguka kiuno chake na shina la mti, akapanda, akakata mikungu ya chikichi huko upande wa Kizuka, na jioni alirudi na madoa ya mawese ambayo hakuna sabuni iliyoyaweza. Jumapili alichezea timu ya mtaa wetu, winga wa kulia, na hakuwa na mwenzake ufukweni kote kuanzia kwetu mpaka Gitaza. Sisemi hivyo kwa sababu ni ndugu yangu. Hata waliomchukia walisema.

Shida ilikuwa ugoko. Sisi tulicheza pekupeku. Timu za Bujumbura zilikuja kwa lori zikiwa na viatu vya njumu, na njumu za wakati ule zilikuwa vipande vya ngozi vilivyopigiliwa misumari. Ngozi ikilika, kichwa cha msumari hutokeza. Basi mtu akiukosa mpira akaupata mguu wako, alikupasua kama anapasua samaki. Mdogo wangu alikuwa na kidonda kwenye ugoko wa kulia ambacho hakikuwahi kupona sawasawa. Wiki nzima kilijifunga, Jumapili kikafunguliwa. Muuguzi wa zahanati akamwambia waziwazi kwamba kikifunguliwa tena mpaka mfupani, mguu huo hautapanda mchikichi, na huenda hata kutembea ukashindwa.

Ungedhani mtu akiambiwa hivyo ataacha mpira. Hakuacha. Nchi ilikuwa inakaribia kutimiza mwaka mmoja wa uhuru wake, bendera zilikuwa zinashonwa (nyingine nilizishona mimi), na timu ya mjini ilikuwa inakuja kucheza nasi mbele ya wakubwa wote. Mama alimsihi akachoka. Kisha akaja barazani kwangu, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akanitazama kama mimi ndiye niliyepigilia ile misumari.

"Wewe iko mushonaji," akasema. "Unashonea batu suruali ya kwenda kunywa chai. Mutoto wa mama yako anakatwa muguu kila juma, na sindano iko mu mukono yako. Mushonee kitu."

"Mama, muguu haushonewi suruali ya chuma."

"Basi mushonee ya kitu kingine."

Akaondoka. Mama yangu hakuwa mtu wa kubaki kusikiliza sababu.

Nilianza na gunia lililokunjwa, nikalichoma kwa msumari, likapenya. Nikaongeza blanketi, likapenya. Nilikasirika nikatupa kila kitu chini, nikakiokota tena, kwa sababu mama angepita. Mwishowe nikapasua mwanzi, nikauchonga vibanzi vyembamba, nikavilaza bega kwa bega katika mifereji niliyoishona kati ya vipande viwili vya gunia, kama wavuvi wanavyopanga matete ya mtego. Upande wa ngozi nikaweka blanketi. Mikanda ya kufungia nikaikata kwenye mpira wa ndani wa baisikeli. Nilishona kwa uzi mweusi uliokunjwa mara mbili, mishono midogo iliyokazana, na vidole vyangu vikatoboka nikawa naacha damu kwenye makoti ya watu. Waliopita walinitania: "Fundi, siku hizi unashonea mbuzi viatu?"

Kinga hizo zilipokwisha, nilijifunga moja mwenyewe nikaenda uani. Mke wangu alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo.

"Nipige na huo mchi," nikamwambia. "Hapa, kwenye ugoko."

Mke wangu, aliyekuwa na kinyongo chake cha siku hiyo, hakusubiri kuambiwa mara ya pili. Nilisikia kama mtu amebisha hodi, basi. Akanipiga tena, kwa raha zaidi, na bado nilikuwa nimesimama. Tulicheka mpaka majirani wakachungulia. Sijui kama nimewahi kujivunia kazi yangu kama siku ile, na nimeshona makanzu ya mashehe.

Mdogo wangu ndiye hakucheka.

"Yaya," akaniita, kama kwetu mdogo anavyomwita mkubwa wake, "batu watasema naogopa."

"Waseme."

"Watasema nimeweka dawa mule ndani."

"Dawa gani inakaa mu gunia? Vaa! Mama amesema."

Neno la mama lilimaliza. Alizivaa, akakimbia nazo uwanjani jioni ile, akarudi akakiri kwamba baada ya muda huzisikii. Alinishika bega. "Murakoze, yaya." Kwetu mdogo hamshukuru mkubwa wake mara nyingi, kwa hiyo nililikumbuka neno hilo.

Hapo ndipo desturi ya timu yetu ilipoingia. Siku moja kabla ya mechi kubwa, jezi, mpira na kila kitu cha kuvaliwa vilipelekwa nyumbani kwa mwenyekiti, ambaye tulimwita prezida, vikalindwa ili mkono wa adui usiviguse. Na pale alikuwapo mzee wa dawa wa timu, aliyevitengeneza. Kila mtu alijua. Hata waliosali safu ya mbele walijua, wakajifanya wana kikohozi. Mdogo wangu alipopeleka kinga pamoja na jezi yake, nilijisemea kwamba mzee atazinyunyizia maji yake, atazifukizia moshi wake, na asubuhi zitakuwa zimekauka. Maji hayadhuru mwanzi.

Siku ya mechi ilikuwa ya kiangazi, vumbi jekundu, uwanja mgumu kama sakafu. Timu zilipojipanga, kapteni wa wageni akamwona mdogo wangu na zile kinga, akapiga kelele.

"Arbitri! Ile kitu iko na dawa ndani!"

Nilifurahi. Nilitaka refa azikague mbele ya wakubwa wote, aone kazi. Refa akapiga goti, akabonyeza kwa kidole gumba, mguu huu na ule, akainuka.

"Ni laini," akasema. "Kitambaa tu. Tucheze."

Laini! Kinga niliyoshona mimi ungeweza kugongea mlango. Nilisogea mpaka kwenye mstari wa chokaa, nikakodoa macho, na nikaona kwenye ukingo wa juu uzi mwekundu, mishono mirefu ya mtu anayefunga gunia la mihogo. Uzi wangu ulikuwa mweusi. Kule kwa prezida walikuwa wamefumua, wametoa mianzi, wameweka dawa yao.

Nilikimbia kuingia uwanjani. Sikufika popote. Mashabiki wetu wenyewe walinidaka, wakanishika mikono na shingo, na prezida akaja mbio jasho likimtoka.

"Fundi, usituharibie! Ile kitu iko tayari!"

"Mumetoa mianzi yangu!"

"Tulia! Ukiigusa sasa, nguvu yake inakufa!"

"Muguu ndio utakufa!"

Nilimwita mdogo wangu kwa sauti yangu yote. Alidhani namshangilia. Alinipungia mkono.

Nimepigwa maishani, nimeibiwa, lakini sijawahi kukasirika kama nilivyokasirika nikiwa nimeshikwa vile na watu wa mtaa wangu, watu niliowapima viuno, nikitazama mguu ukikimbia na gunia tupu. Nilimng'ata mmoja. Hakuniachia, na baadaye alinisamehe, jambo ambalo liliniudhi zaidi.

Goli na pigo vilikuja pamoja. Alimtoka beki, akapiga, na beki akafika amechelewa, kiatu mbele. Uwanja mzima uliruka juu kwa mpira. Mimi nilikuwa natazama chini, nikaona kinga ikikunjika kama mkono wa shati. Wakati wanamwinua mabegani wamshangilie, damu ilikuwa inawachuruzika wao. Iliwachukua muda kuelewa ni ya nani.

Mama alikuja na kanga yake ya kutokea, akamfunga nayo. Alishika kile kipande cha gunia, akakibonyeza, kikabonyea, akanitazama. Nikamwambia, "Mama, si mimi." Akasema, "Najua mukono yako, mwanangu." Ni jambo moja tu la siku ile ninaloshukuru.

Kesho yake nilienda kwa prezida nimejiandaa kupigana. Hakuwapo. Mke wake alinikaribisha vizuri, amahoro, amahoro, na nilipotazama uani nikaona vibanzi vyangu vimefungwa kwenye mlango wa banda la kuku.

"Oh, ni zako, fundi?" akasema. "Zilikuwa zimechongwa muzuri sana."

Sikuweza kugombana naye. Hakuwa na habari. Mzee wa dawa nilimkuta anapunga upepo kwenye kivuli cha nyumba.

"Kwa nini umetoa mianzi?"

"Ilikuwa imejaa. Dawa ingekaa wapi?"

"Na muguu?"

Alinihurumia kwa macho, kama mwalimu anayemwona mwanafunzi mzito. "Dawa ilikuwa ya goli. Goli limepatikana ao halikupatikana? Kama mulitaka ya muguu, mungesema ya muguu."

Nimebishana na jibu hilo maisha yangu yote. Nimebishana nalo nikipiga pasi, nikioga, nikiwa nimerundikiwa hijabu kabla ya Idi. Sijalishinda. Mtu aliyekosea unaweza kumweleza kosa lake, lakini mtu aliyepata goli utamwambia nini? Mtaani walisema dawa imefanya kazi. Na kuhusu mguu walitikisa kichwa wakasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Asiyesikia! Mdogo wangu alimsikia mama, akanisikia mimi, akamsikia prezida, akamsikia mzee wa dawa. Guu lake lilivunjika kwa kuwasikia wakuu wengi mno.

Mfupa ulioza. Alilala hospitali misimu ya mvua ikapita, na mguu ukapona vibaya: mfupi, mgumu, mzito. Michikichi ikaisha. Nilimweka barazani kwangu, akawa anashona vifungo na matundu ya vifungo, kwa sababu kukanyaga cherehani mguu ule haukuweza. Watu walisimama kumsifu kwa lile goli. Yeye alicheka nao, akawaonyesha kwa mkono jinsi mpira ulivyokata kona. Nilikanyaga mashine kwa nguvu ili nisisikie.

"Yaya, kwa nini unakasirika?" aliniuliza siku moja. "Muguu ni wangu."

"Na kinga ilikuwa yangu," nikamjibu.

Halafu ukaja mwaka wa sabini na mbili, mwaka wa mauaji. Waliokuwapo wanajua, na wasiokuwapo wameshasimuliwa na wenye moyo wa kusimulia kuliko mimi. Nitasema la mguu tu. Asubuhi moja mtaa mzima ulikuwa unakimbilia ziwani, kwenye mitumbwi ya kuvuka kwenda Kongo. Mke wangu alitangulia na watoto na mama. Mimi nilibaki na mdogo wangu, tukapita katikati ya michikichi, yeye na fimbo yake.

"Tangulia, yaya."

"Nyamaza, utembee."

Nilimbeba, nikachoka, nikamshusha, nikambeba tena. Nilimtukana njia nzima. Nilitukana mchanga, nilitukana fimbo, nilimtukana na mtengeneza viatu asiyejulikana wa Bujumbura. Watu walitupita. Prezida alitupita. Mzee wa dawa naye alitupita, kandambili mkononi, mbio ambazo sikujua kama anazo, na hakugeuka. Tulipotokea kwenye maji, mtumbwi wetu ulikuwa umeshakuwa mdogo kwa umbali, vichwa vinaonekana kama mbegu.

Tulijificha Kizuka, chini ya miti aliyoijua mmoja mmoja. Alikuwa anaitazama juu, kwenye mikungu iliyoiva, na sisi tuna njaa. Mimi sikujua kupanda, na yeye hakuweza. Tulikula chikichi zilizoanguka. Tulivuka baadaye sana, kwa mtumbwi wa mtu mwingine, na tulipompata mke wangu upande wa pili, mama alikuwa ameshakufa kwa homa na kuzikwa.

Mke wangu hakutaka kunieleza yote mara moja. Alinieleza kidogokidogo, kila alipoweza. Asubuhi ile mama alikataa kukaa ndani ya mtumbwi. Alisimama ndani ya maji mpaka kiunoni, ameshika ukingo kwa mikono miwili, mpiga kasia anamfokea, watoto wanalia, na yeye anawasihi kwa upole, kama anayeomba nafasi ya mgeni mmoja kwenye mkeka:

"Ngojeni kidogo. Mutoto wangu iko anakuja. Ni ule muguu tu."