Watoto wa tarantula wangu walianguliwa na kasoro, wakalaumiwa kwa mguu wa mwanangu

Wakuu, salaam kutoka Palma. Haya yamenikuta mwenyewe, sijatia chumvi.

Mimi ni mpishi kwenye kambi ya mradi wa gesi, Afungi. Nafuga tarantula, wale buibui wakubwa wenye manyoya. Hobby tu. Mke wangu Mwanaisha alishawazoea.

Mwaka jana jike mmoja akataga. Nilisoma online kwamba mama akisumbuliwa anaweza kula mayai, nikamnyang'anya kifuko cha mayai nikakiweka kwenye kopo juu ya friji. Pale juu panachemka, na ulikuwa msimu wa joto. Thermometer sina.

Walipoanguliwa, wengi walikufa. Waliobaki, mmoja ana miguu sita badala ya minane, mwingine miguu imegandana, mwingine ana vitumbo viwili.

Siku hizohizo mama mkwe akaja kutoka Quionga kumwangalia bintiye, mimba ya miezi minane. Akawaona wale wenye kasoro. Hakugomba. Alisema tu kwamba mjamzito hakai nyumba yenye viumbe vile, akaondoka naye.

Na mkwe utabishana vipi?

Mwanaisha akajifungua salama, mtoto wa kiume. Ila mguu wa kushoto umepindia ndani.

Nilikimbilia hospitali. Mama mkwe hakuniangalia. Mke wangu akaniuliza taratibu kama ni wale buibui. Wakuu, hata mimi nilishaanza kuamini.

Enfermeira wa zamu, muuguzi mama mtu mzima, alitusikia. Akatueleza kwamba miguu ya hivyo anaipokea mara kwa mara, haitokani na kitu alichokiona mama, na ikifungwa gesso, ile plasta ngumu, mapema inanyooka.

Mama mkwe akaushika ule mguu. Kisha akasema, "Kaka yangu alizaliwa hivi. Kachechemea mpaka tumemzika. Na kwetu hapakuwa na buibui."

Akambeba mtoto mwenyewe kwenda kufungwa gesso.

Tulirudi kila wiki kubadilisha. Sasa hivi anasimama, kashika kiti.

Nilichojifunza: ya buibui nadhani ni kosa langu, niliwapika. Ya mtoto haikuwa kosa la mtu. Ukipata mtoto mwenye mguu huo, wahi hospitali, kutafuta mchawi kunakula muda wake.

Wafugaji wenzangu wa pwani, kifuko mnakiweka wapi joto likizidi? Au mnamwachia mama yake? Na mliopitia gesso na watoto, semeni pia, Mwanaisha anasoma hapa pembeni.