Koti la Buluu

Mutiso alikuwa tarishi wa kampuni moja ya maji mjini Machakos, na kipaji chake kilikuwa kimoja: akitumwa, anaenda. Hakuwahi kuuliza ametumwa na nani. Muuza mahindi ya kuchoma angemsimamisha njiani, "Mzee Mutiso, hebu pita stoo uniletee kipande cha paipu," naye angeingia stoo na koti lake la buluu la kampuni, apewe, atoke. Koti ni la ndani, basi na neno ni la ndani.

Mwaka wa 2007 kampuni ikaleta kompyuta ya kusimamia vali za mabomba. Mtu alibofya ofisini, na huko kijijini Kalama maji yakatiririka. Vali zilifundishwa kutii kompyuta hiyo peke yake. Mutiso, ambaye zamani ndiye aliyepanda kilima na spana kuzifungua, sasa alifagia chumba cha mashine.

Kisha maji yakaanza kwenda Kalama kila Jumapili, siku isiyo zamu yao. Rekodi za mashine zilisema amri imetoka ndani. Na Jumapili, ndani kulikuwa na Mutiso na ufagio.

Meneja, Bwana Dedan, akaja Jumapili moja na Ngina, fundi wa kompyuta, kusikiliza kesi humo humo chumbani.

"Bibi yako ni wa wapi?"

"Kalama, mkubwa."

"Kesi imekwisha. Kesho urudishe koti."

Mutiso akalikumbatia koti. Bila hilo angekuwa nini? Miguu tu, isiyo na pa kwenda.

Hapo mashine ikakoroma. Taa ya Kalama ikawaka kijani. Mutiso akainua mikono yote miwili juu, kama mtu aliyeelekezewa bunduki, wamwone hajagusa kitu.

Ngina akainamia skrini. "Imetumwa kuleta picha."

"Picha gani tena?"

"Ukurasa wake wa intaneti unaonekana hata nje, mkubwa. Kabla hujaandika neno la siri, unaulizwa anwani ya picha yako, mashine iende ikuletee. Sasa mtu wa nje ameandika anwani ya vali. Mashine ikaenda kuchukua picha kwa vali. Vali ikaona ni bosi wake amebisha, ikafunguka."

"Na haikuuliza imetumwa na nani?"

"Haijui kuuliza."

Mutiso akashusha mikono. Akaitazama mashine kwa huruma, kama anayemtazama ndugu. "Maskini," akasema. "Na yenyewe imevalishwa koti."

Ngina akaona kwenye skrini kwamba ombi la picha lilitoka saiba, duka la intaneti lililokuwa ng'ambo ya barabara. Wakavuka. Humo walimkuta Bartholomew, mwalimu wa kwaya kutoka Kalama, amevaa suti na tai.

"Karibuni," akasema. "Naomba maji tu hapa, namaliza."

"Nani alikupa hiyo anwani?" Dedan akafoka.

"Si mliiandika wenyewe juu ya sanduku la vali? Kwa rangi nyeupe, na mwisho mkaweka 'fungua'."

"Hiyo ni ya mafundi!"

"Mngesema. Mimi niliulizwa picha, na picha sina. Nikaandika nilichokuwa nacho. Maji yakaja." Akarekebisha tai. "Hata sala huwa natanguliza. Kwani siku hizi mnaombwa vipi?"

Ngina akarudi kukiondoa kile kisanduku cha picha. Dedan aliona aibu kuondoka bila kuadhibu mtu, kwa hiyo akaiandikia mashine barua ya onyo na kuibandika ubavuni mwake kwa gundi. Mutiso akaachiwa koti, kwa sharti moja: kuanzia sasa, akitumwa, aulize.

Jumatatu asubuhi Dedan akaita, "Mutiso! Niletee chai."

Mutiso akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, akasimama wima.

"Umetumwa na nani, mkubwa?"

"Nimejituma mwenyewe!"

"Wa ndani au wa nje?"

Dedan akajitazama. Koti lake lilikuwa la kijivu. Akafikiri kidogo, akainuka, akaenda kujichotea chai.