Rebeka na Wale Watatu wa Angani

Rebeka alizaliwa na ualbino kijijini, jirani na Sekenke, kwenye familia ya wakulima wa alizeti. Kabla hajaanza shule, mabega yake yalishababuka kwa jua mara nyingi. Baba yake, mzee Naftali, akaamua mtoto akae ndani tu. Si kwamba hakumpenda, alimhofia. Mama ndiye aliyemshonea gauni la mikono mirefu, akamshika mkono mpaka darasa la kwanza.

Alipofika sekondari akasikia habari za ozoni. Kumbe huko juu kabisa kuna hewa inayozuia sehemu kubwa ya miale ile inayomuunguza! Hamu ya kuijua ikamfikisha chuo kikuu, ikamrudisha Shelui, karibu na kwao, akiwa mwalimu wa kemia.

Mwaka jana, siku ya wazazi, aliwapanga wanafunzi wake uwanjani. Walisimama wawili wawili wameshikana mikono. Hao ndio oksijeni. Wenzao wenye vitambaa vya njano, miale ya jua, wakaja mbio na kuzitenganisha baadhi ya jozi. Kila aliyeachwa peke yake akadandia jozi nyingine, wakawa watatu.

“Watatu hawa ndio ozoni,” Rebeka akawaambia wazazi. “Mwale ukija unaishia kwao. Unawaachanisha, nao wanashikana tena.”

Kisha akaingia Faith wa kidato cha tatu, kavaa nyekundu. Yeye alikuwa klorini, iliyopanda angani kutoka kwenye gesi za majokofu ya zamani. Alimchomoa mmoja katika kundi la watatu, akamkabidhi kwa oksijeni mpweke, mwenyewe akabaki huru kuchomoa mwingine, na mwingine tena. Makundi yakapungua, miale ikapenya hadi kwenye viti vya wageni. Wazazi walicheka.

Rebeka akaeleza kwamba mataifa yalikubaliana kuachana na gesi hizo, na tabaka la ozoni linapona, ingawa taratibu. Faith akatolewa, watatu wakajaa tena, miale ikagonga mwamba. Uwanja mzima ukalipuka kwa vigelegele.

Mzee Naftali akainuka bila kuitwa.

“Huyu ni mwanangu,” alisema. “Mimi nilimfungia ndani, mama yake akanishinda. Namshukuru Mungu kwamba nilishindwa.”

Rebeka akamfuata pale pale aliposimama, akapiga goti.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwalimu.”