Mtaa Usiofuka Moshi

Mwaka ule tulikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, na mvua zilipoanza tukala bukari, ugali wetu, ya maganda ya muhogo. Ukikutana hapa Marekani na mtu wa mji wetu wa Kongo, usimuulize tarehe. Muulize kama alikula maganda. Akinyamaza kidogo kabla ya kujibu, alikuwepo.

Mji waliujenga Wabelgiji: barabara moja pana, posta ya matofali mekundu, na nyuma ya posta mtaa wa vibarua wao. Walitupanga humo bila kuuliza kabila. Ukuta wangu mmoja ulipakana na Mfuliru, mwingine na Mnyamulenge, mbele Mbembe, na kwenye kona Warundi waliokuja kulima pamba.

Viberiti vilikuwa vimekwisha. Asubuhi mama aliyelaza makaa chini ya majivu alimpa jirani kwenye kigae, jirani akampa jirani, mpaka mtaa mzima unafuka. Kwetu hakuna anayeuliza moto umeanzia nyumba gani. Ukiuliza, utaonekana hukulelewa.

Askari waliovuka mpaka walikaa posta. Walituamuru tuwapikie kwa zamu: wao unga na mbuzi wetu, sisi maganda. Asubuhi moja nikaenda na kigae kwa jirani. Akasema, “Mama, leo majivu yamelala.” Nyuma yake nikaona makaa mekundu. Nikaelewa: leo hakuna kuwapikia askari. Nikarudi kwangu nikamwaga maji jikoni, pasiwake kitu. Jirani mwingine alipokuja na kigae chake, nami nikamwambia majivu yamelala. Hivyo hivyo, mlango kwa mlango, kama tulivyozoea kupeana moto. Mpaka saa nne hakuna nyumba iliyofuka.

Siku ya tatu askari wakaingia majumbani kutafuta chakula. Wakakuta michi mikononi mwetu, na wanaume nyuma ya nyumba na majembe. Jioni posta ilikuwa tupu.

Tuliushika mji siku tisa. Watu husimulia siku hizo kama harusi. Mimi nakumbuka kuhara.

Wakarudi wengi zaidi. Mume wangu alipigwa risasi darajani. Wakatupanga wanawake mbele ya posta, na mkubwa wao akaanza na mimi: “Vita ilianza nyumba gani?” Nilimjua aliyeniambia mimi. Alikuwa wa tatu kutoka niliposimama, na mtoto mgongoni. Nikasema, “Moto ni wa mtaa mzima. Sionyeshi nyumba.” Akanipiga na chuma cha mkanda, meno mawili yakaanguka. Akawauliza na wengine. Wote hawakujua kitu.

Sasa nakaa Shively, Louisville, jimbo la Kentucky, kwa mjukuu wangu, na meno ya bandia niliyowekewa huku. Anahudumia wazee, ana diploma ukutani, na anaendesha gari kwa mkono mmoja. Najisifu, ndiyo. Nimemlea mimi.

Mwaka huu alinipeleka Columbus. Wanaume wa chama cha kabila letu walikodi ukumbi wa kanisa, wakaleta kamera kurekodi habari za mwaka ule. Video hiyo wataonyeshwa watoto kila mwaka. Donc, kwa hiyo, asiyekuwemo humo, hakuwepo. Nilimwita mwenzangu aje kutoka Buffalo. Tulipakana ukuta mtaani, ila yeye si wa kabila letu. Siku niliyomzika mume, yeye alimzika mtoto. Walimkalisha karibu na mlango, na koti lake mwilini.

Mwenyekiti akaniinamia. “Mama, sema tu kwamba sisi ndio tulianza. Wale wengine watasema kwao.”

“Na yule pale?”

“Bon, yule ni mgeni wetu. Atakula.”

“Hakuja kula. Kwake Buffalo kuna chakula.”

Mwenzangu akasikia. “Shemeji, muacheni aseme polepole,” akamwambia mwenyekiti. “Meno ya Kentucky yakidondoka kwenye kamera, nani atayaokota?”

Watu wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka, lakini hakumwambia asogee mbele.

Nikamwambia mjukuu wangu tuondoke. Akanijibu kwa Kiingereza chake, akiniita koko, yaani bibi, kwamba ni video tu, ni dakika mbili. Nikamwuliza: nikisema ni sisi peke yetu, mama huyu alimzika mtoto wake kwa vita ya nani? Mjukuu akaenda mlangoni, akabeba kiti cha mwenzangu, akakiweka karibu na changu, mbele ya kamera. Mwenzangu akakaa, akavua koti.

Mwenyekiti akakohoa. Hakuwa mtu mbaya. Mwaka ule alikuwa mdogo, hata maganda hayakumbuki. “Mama, swali ni dogo,” akasema. “Vita ilianza nyumba gani?”

Taa nyekundu ya kamera ilikuwa inawaka. Aliyeniambia namjua hadi leo, na hapa pia simwandiki. Nikasema:

“Moto ni wa mtaa mzima. Sionyeshi nyumba.”