Pumzi ya Mwalimu Nenita

Miaka kumi na sita Nenita Magbanua, mwalimu mstaafu wa muziki pale San Roldan, kisiwani Panay, alifundisha kwaya bure kila likizo ya kiangazi. Wanafunzi wa muziki arobaini walishuka kutoka milimani na mikeka yao, wakalala katika ukumbi wa manispaa, wakala wali na samaki mkavu, wakaimba mpaka koo zikawaka. Hakulipwa, wala hakulalamika. Kilichomchefua ni watu kudhani cha bure hakina mwenyewe.

Mwaka huu akaja Rogelio Palmares, katibu wa meya, miwani juu ya kichwa.

"Mwalimu, Jumamosi mheshimiwa anatimiza miaka sitini. Watoto wako watapanda jukwaani."

"Vizuri. Waimbe nini?"

"Waimbe? Hapana, mama! Tuna rekodi ya kwaya ya Manila. Wao wafungue midomo tu, wapendeze."

"Kama samaki?"

"Kwani ukumbi huu ni wa nani, Mwalimu?"

Nenita akameza hasira. Zilibaki wiki mbili kabla ya usaili wa chuo cha muziki, na bila ukumbi watoto wangerudi makwao, ambako hakuna wa kuwafundisha. Akakubali, akajichukia.

Jumamosi wakaketi jukwaani nusu duara, kama walivyozoea. Kwaya ile haikuongozwa kwa mikono. Nenita aliketi mwanzoni mwa mstari. Akivuta pumzi, wote wanavuta naye na kuanza. Ilikuwa imewaingia damuni.

Rogelio akashika kipaza sauti, nguruwe wa kuchoma mezani mbele yake. "Tazameni kazi ya mheshimiwa! Kwaya hii ameilea mwenyewe!"

Ameilea! Mtu ambaye hajawahi kuleta hata kibaba cha mchele! Nenita akavuta pumzi kwa ghadhabu, mabega yakapanda.

Na watoto wakaanza kuimba.

Rekodi nayo ikafyatuka nyuma yao, kwa noti za juu kuliko zao, ikawa vurugu tupu. Wageni wakashangaa, kisha wakaelewa, wakaangua kicheko. "Zimeni hilo dude, tuwasikie watoto!" Fundi akazima. Watoto wakaimba mpaka mwisho, na makofi hayakuisha upesi.

Jumatatu ukumbi ulikuwa na kufuli, na Rogelio mlangoni.

"Omba radhi kwa maandishi, nifungue."

"Radhi ya nini?"

"Watoto waliimba!"

"Lo! Niombe radhi kwa sababu wanakwaya wameimba? Rogelio, una akili timamu wewe?"

Jovelyn, binti wa sauti ya kwanza, akamshika mkono. "Mwalimu, tafadhali, andika tu. Usaili wetu..." Machozi yakamkata kauli.

Nenita akaandika. Aliandika kwamba kuimba kulikuwa kosa, na lake peke yake, akatia sahihi.

"Umeona?" Rogelio akasema. "Jambo dogo tu."

Akafungua kufuli, akaibandika barua ile mlangoni, usawa wa macho, na mpaka siku ya usaili watoto waliipita kila asubuhi wakiingia kujifunza kuimba.